Uzi Uleule

Saa nne usiku, Novi Sad, mwezi wa pili.
Danubi imebeba mabamba ya barafu,
na radieta ya ofisi inagonga, inagonga,
kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake.
Kompyuta moja, michakato miwili:
huku Java, kule C++,
na kati yao daraja ninalolipwa kulijaribu.

Jaribio lenyewe dogo, mistari arobaini.
Uzi unaanzia Java, unapiga kufuli,
unatia ufunguo mfukoni, unavuka
kwenda kuuliza neno ng'ambo.
Na ng'ambo, kabla ya kujibu, nayo ina swali;
swali linarudi huku, linabisha mlango uleule.
Aliyebisha akiwa ni uzi ule, ufunguo anao, aingie.
Akiwa mwingine, atamngoja mwenye ufunguo,
na mwenye ufunguo yuko ng'ambo
anamngoja yeye.
Mgeni njoo, mwenyeji apone?
Hapa mgeni kaja, wote wawili wamekwama.
Hakuna moshi. Hakuna kosa lililoandikwa.
Kasa tu inapepesa, inapepesa,
kwenye skrini nyeusi.

"Sema basi daraja limevunjika," ananiambia Zorka wa mauzo,
koti tayari begani.
Halijavunjika, Zorka. Limesimama imara.
Kilichopotea ni jina la mvukaji.

Mji huu usiufundishe habari za madaraja.
Nilikuwa na miaka tisa mwaka ule
yalipoanguka matatu ndani ya mwezi mmoja;
tukasimama kingoni, mama kanishika ukosi,
tukitazama chuma kilivyopiga magoti majini.
Lakini sitaki kufananisha.
Chuma ni chuma, msimbo ni msimbo,
na mimi nina jaribio linalokwama
mara moja katika kila mia sita, hivi.

Meza ya pili Ištvan kampigia mamaye, Subotica.
Anamuuliza kwa Kihungari (nakijua cha sokoni tu)
siki kiasi gani kwenye achari ya matango.
Mama hajibu. Anauliza: mtungi upi?
Ištvan ananigeukia, "Subiri kidogo," kwa Kiserbia,
anarudi kwenye simu: ule mdogo, wenye ufa.
Ndipo jibu linakuja, vijiko vingapi, na chumvi.
Swali ndani ya swali, lugha ndani ya lugha,
na mama hakuuliza hata mara moja:
wewe nani?

Nikaacha kahawa ipoe.
Nikaamuru kila upande utaje namba ya uzi wake.
Uzi wa saba unatoka. Ng'ambo wanauita kwa namba yao,
hilo halina neno, kila nyumba na majina yake.
Lakini ukirudi,
mara nyingi unarudi wa saba,
na mara moja moja, foleni ikijaa,
anarudi wa kumi na mbili,
kibarua wa watu, mfuko mtupu,
katumwa na daraja kwa sababu alikuwa karibu.

Nilitukana. Kisha nikacheka.
Nikaufungia kila wito kitambulisho,
kama mtoto wa chekechea anavyobandikwa jina kifuani
siku ya safari,
nikaambia daraja: usimpokee mtu kwa sura.

Mara elfu moja. Mara elfu tano.
Radieta imenyamaza, sikumbuki tangu lini.
Mara elfu kumi.
"Limepita?" anauliza Ištvan.
Limepita.
"Basi twende."
Sikuinuka. Elfu kumi si siku zote,
na kesho kuna watu
watakaovuka hapa bila kujua kwamba wanavuka.

Simu yake ikalia.
Mamaye: alisahau sukari.
Hakuamkia, hakujitaja,
aliingia katikati ya sentensi
kama aliyekwenda jikoni mara moja tu akarudi,
na Ištvan, mkono mmoja kwenye koti,
akaendelea walipoachia.